Eneo Tupu

Maji yalikuwa yameshashuka chini ya goti, na Mama Vigingi alikuwa ameinama tangu kulipopambazuka, kisu mkononi na gunia kiunoni, akikata mwani. Mgongo ulikuwa ukilalamika, lakini hakuujibu. Mgongo wa mkulima wa mwani ukianza kusikilizwa hautanyamaza tena.

Mwani ulikuwa umekubali safari hii. Ulishonana kwenye kamba, mnene, wa rangi ya kahawia iliyokolea, mpaka vigingi vyenyewe viliinama kwa uzito. Na hili ndilo lilikuwa bamvua la kuuvuna. Siku za bamvua maji hutoka mbali kabisa na shamba lote hubaki wazi, mtu akafanya kazi yake kwa miguu. Bamvua likipita, maji hayatoki tena vya kutosha. Mwani uliokomaa huanza kupauka ncha, halafu hukatika wenyewe ukachukuliwa na mkondo, na mwenye shamba akabaki kuuangalia ukienda zake.

"Wifi, wewe si ulisema una safari?" Wifi yake aliuliza kutoka shamba la pili, bila kuinua kichwa. "Au umeamua kwenda Baraza na gunia kiunoni?"

"Ningeenda nalo. Nikawamwagie mezani."

"Wamwagie tu. Wakikufunga nitakuletea chai, na shamba lako nitalitunza kama langu."

"Shamba gani? Wewe hujasikia kwamba hatuna shamba?"

Wifi alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Wote wawili waligeuka wakatazama kule ufukweni, kwenye nguzo ya taa ambayo haijawahi kuwaka. Tangazo lilikuwa limepigiliwa misumari pale. Liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba Mpango wa Bahari umekamilika. Kwamba sehemu yote kutoka mwambani hadi mkondoni ni "eneo tupu, lisilo na shughuli", hivyo litatumika kuegeshea boti za starehe. Kwamba vigingi na kamba zitakazokutwa humo zitaondolewa kama takataka. Na kwamba mwenye neno aseme kabla ofisi hazijafungwa leo.

Leo hiyo hiyo, siku ya bamvua! Kama si mtu asiyejua bahari aliyepanga siku hiyo, basi ni mtu anayeijua sana.

Namna eneo lilivyopata kuwa tupu, kila mwanamke wa pale aliijua, maana walikuwepo. Wataalamu walikuja na boti nyeupe maji yakiwa yamejaa pomoni. Walipita juu ya mashamba, wakachungulia, wakaona maji. Wanawake waliokuwa ufukweni wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba walisimama wakapunga mikono na kupiga kelele, kwa kuwa ile boti ilikuwa ikikata kamba zao kwa mapanga ya injini. Wataalamu nao wakapunga mikono. Mmoja aliwapiga picha. Boti ikaenda zake, na wanawake wakashinda wiki nzima wakiunga kamba.

"Nenda," alisema wifi. "Nikimaliza kwangu nitaanza kwako. Siwezi kumaliza kote, wewe mwenyewe unajua. Lakini nitakata nitakachoweza."

Mama Vigingi alisimama akiangalia kamba zake. Alizifunga peke yake mwaka aliofiwa na mumewe, akipigilia vigingi kwa nyundo ya jiwe, watu wakimcheka na kumpa jina hilo ambalo sasa hata mkwewe anamwita. Shamba hili ndilo lililomlisha, likamsomeshea binti yake, likampa sauti ya kusema "kwangu" mbele ya ndugu wa mume. Akienda ofisini, nusu ya mavuno imepotea. Asipoenda, limepotea lote, la leo na la kesho. Aliosha kisu kwenye maji, akakichomeka kwenye kanga, akaenda.

Ofisi ya Baraza la Mji ilikuwa na feni iliyozunguka upande mmoja tu, ule wa afisa. Wananchi walikaa kwenye benchi upande wa pili wakijipepea kwa vitambulisho vyao. Afisa wa Ardhi na Fukwe alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na kwa kuwa hakuwahi kumaliza jambo lolote bila kusema "subirini", mji mzima ulimwita Bwana Subirini. Alimsikiliza Mama Vigingi mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo ungeapa ni ya kweli.

"Mama, nakuelewa sana. Lakini hilo ni suala la majini. Baraza ni nchi kavu. Mpaka wetu unaishia pale maji yanapoanzia."

"Bwana, sasa hivi shamba langu ni kavu. Wifi yangu amesimama hapo, maji hayamfiki hata kifundoni. Twende ukaone."

"Sasa hivi, sawa. Na jioni?"

"Jioni yatajaa."

"Unaona?" alisema Bwana Subirini, kana kwamba yeye mama ndiye aliyekuja kumtetea.

Mwanamke aliyekaa kwenye benchi aliguna. Mama Vigingi aliuma midomo. Alijiambia asigombe. Mgombana na afisa hula hasara mara mbili.

"Sawa, bwana. Ila mbona ushuru wa mwani mnachukua nyinyi? Kila gunia, pale sokoni, ni watu wa Baraza."

"Ushuru tunauchukua mwani ukishafika nchi kavu, mama. Huko unakoota, hatuujui." Alifungua droo, akaifunga. "Jaribu Wizara. Wao ndio wenye maji. Halafu, subirini tu, haya mambo yanaratibiwa."

Kuratibiwa! Neno hilo lilikuwa limebandikwa kila ukuta wa mji mwezi huo. Mikutano ya kuratibu, semina za kuratibu, fulana za kuratibu zenye picha ya samaki anayecheka. Ngazi tatu za serikali zilikuwa zikiratibu bahari moja, na katika kuratibu kwao hakuna aliyepata kuvua viatu.

Tawi la Wizara lilikuwa ghorofani, ng'ambo ya mji. Ndani mlikuwa na baridi ya kutengeneza, na Mama Vigingi, ambaye nguo zake zilikuwa bado na maji ya chumvi, alianza kutetemeka. Kila alipokanyaga aliacha mchanga. Mfagizi alimfuata nyuma na ufagio, si kwa ubaya, alimnong'oneza, "Pole, dada, wananikata mshahara wakiona mchanga."

Mtaalamu wa ramani alikuwa binti wa umri wa mwanawe. Alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Hilo lilimlegeza Mama Vigingi kuliko alivyopenda. Alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kumfokea.

"Ufukwe wenu ndio huu, mama." Binti aligeuza kioo kikubwa cha kompyuta. Bahari ilikuwa imepakwa rangi kama kitambaa cha viraka: nyekundu njia ya meli, kijani hifadhi, njano uvuvi. Pale kwao palikuwa buluu.

"Buluu ndiyo nini, mwanangu?"

"Buluu ni maji matupu."

"Si matupu. Mimi nimetoka humo asubuhi hii. Nina kamba humo. Wenzangu wote wana kamba humo."

"Timu yetu ilifika, mama. Ilikuja na boti."

"Ilikuja maji yamejaa! Tuliwapungia mikono."

Binti aliandama mistari ya ripoti kwa kidole, akasimama. "Ndiyo, ipo. 'Wakazi walionesha furaha.'"

Mama Vigingi alicheka, na kile kicheko kilimuuma kifuani. "Furaha? Tulikuwa tunawaambia mnatukatia kamba!"

Binti hakucheka. Aliinamisha macho kidogo.

"Sasa kwa nini msije maji yakitoka? Mje leo, sasa hivi, mtaona kila kigingi."

"Boti haipiti kwenye mchanga, mama."

"Njooni kwa miguu."

"Kwa miguu ni eneo la Baraza. Wizara haiwezi kukagua nchi kavu. Na Baraza hawawezi kugusa ramani yetu mpaka Mkoa uidhinishe."

"Basi nipokelee pingamizi langu. Tangazo linasema mwenye neno aseme."

Hapo binti akaeleza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake dawa chungu. Pingamizi lazima litolewe na shughuli inayotambuliwa katika eneo. Kila shughuli ina namba yake. Eneo la buluu halina shughuli, kwa hiyo halina namba, kwa hiyo mfumo haukubali pingamizi kutoka humo. Alijaribu mbele yake, ili mama aone hamdanganyi. Mfumo ulikataa.

"Yaani," alisema Mama Vigingi, "ili niseme nipo, lazima kwanza muwe mmeshaandika kwamba nipo."

"Ndivyo, mama. Samahani."

"Samahani yako nitaifunga kwenye kamba gani, mwanangu?"

Binti aliangalia mlangoni, akapunguza sauti. "Leo mchana kuna uhakiki. Ofisi zote tatu zinakuja huko kwenu kwa pamoja, ndiyo mara ya kwanza. Baada ya hapo ramani inafungwa. Nitakachokiona nitakiandika. Saa tisa."

"Saa tisa maji yatakuwa yanajaa! Ingekuwa sasa."

"Gari la Mkoa linapatikana mchana tu."

Mama Vigingi alirudi kwa miguu, jua limesimama utosini. Njiani alikuwa akijisemea peke yake mpaka watoto wa shule wakampisha. Bahari imekuwa ikijaa na kutoka tangu dunia iumbwe, na haijawahi kumngoja mtu. Lakini watu hawa walilingoja gari. Alipofika ufukweni, maji yalikuwa yamesharudi. Wifi alikuwa amekaa kwenye mchanga, vidole vimekunjamana kwa chumvi, magunia mawili ya Mama Vigingi yakiwa yamesimama pembeni yake.

"Nimefika nusu," alisema. "Maji yakanifukuza. Wamesemaje?"

"Kwamba ni mchezo wa mpira, na sisi ndio mpira wenyewe."

Gari la Mkoa lilikuja, jeupe, refu, likashuka mpaka kwenye mchanga mgumu karibu na maji. Aliyekaa mbele alikuwa mzee wa Mkoa, mtu wa tumbo na kofia, ambaye wanawake walimpa jina la Mwenye Gari kabla hajashuka, na hakushuka. Alifungua mlango tu, akatoa mguu mmoja nje ili ihesabike kwamba amefika. Nyuma walitoka Bwana Subirini na binti wa ramani, tableti yake kifuani.

Wanawake walikuwa wamekusanyika. Bwana Subirini alisogea mpaka mstari wa maji, akasimama hapo, akasema kwa sauti ya mkutano, "Mimi kama Baraza, mpaka wangu ni huu." Wimbi likaja likamlowesha kiatu. Akarudi nyuma hatua, akaupanga mpaka upya. Likaja jingine. Kila aliposema "huu", maji yalimnyang'anya, na wanawake wakaanza kucheka kwa pembe za midomo, wakizibana kwa ncha za kanga.

"Tufanye haraka," alisema Mwenye Gari kutoka kitini. "Wizara, unaona nini?"

Binti alitazama bahari. Ilikuwa imetulia, buluu, nzuri, na haikuonesha hata ncha ya kigingi kimoja. Alimtazama Mama Vigingi kwa jicho la kuomba msaada.

"Naona maji tu, mzee."

"Basi. Andika hivyo."

"Ngojeni!" Mama Vigingi alikuwa ameshaingia. Alikwenda na nguo zake, maji yakampanda gotini, kiunoni, akipapasa kwa nyayo kama mtu anayetafuta ndara gizani. Alipafahamu mahali pake bila macho. Kidole kikubwa cha mguu kiligusa kamba, akaifuata mpaka kwenye kigingi, akasimama hapo. Maji yalimfika kifuani. Aligeuka akawatazama wa ufukweni.

"Hapa!" alipiga kelele. "Hapa ni kwangu! Andika!"

Hakuna aliyempa mtu amri. Jirani yake aliingia, akatafuta kwa miguu, akasimama kwenye kigingi chake. Kisha mwingine. Kisha bibi mmoja mfupi ambaye maji yalimfika shingoni, akashikwa mkono na mwenzake ili wimbi lisimbebe, akakataa katakata kutoka. Wakajaa safu kwa safu, kila mmoja mahali pake, kama walivyopanda. Ungeweza kuchora mashamba yote kwa kufuata vichwa vyao. Hata mjinga angeona. Wifi alibaki ufukweni na magunia, karibu na gari, akilinda yale machache yaliyovunwa.

Binti aliinua tableti akapiga picha. Wifi alimsikia akisema, "Mzee, wapo. Wamesimama kwenye mashamba yao. Lazima niweke shughuli."

"Weka basi. Shughuli gani zipo humo?"

Binti alisoma moja moja: uvuvi, usafiri, hifadhi, utalii, kuogelea. Alipandisha, akashusha. "Kilimo hakipo. Kilimo kiko kwenye ramani za Baraza, za nchi kavu."

"Kwetu kipo," alithibitisha Bwana Subirini akiruka wimbi, "lakini si cha majini."

"Hao wako ndani ya maji, wanatazama huku, hawana wavu wala boti," alisema Mwenye Gari. Aliangalia saa. "Weka kuogelea. Twendeni."

"Lakini mzee..."

"Binti, mimi nina kikao kingine. Tena afadhali, kuogelea hakugongani na boti za starehe. Ila vile vigingi mtavitoa. Ni hatari kwa waogeleaji."

Kidole cha binti kilikaa hewani. Wifi anasema mpaka leo kwamba alikiona kikisita, na kwamba machozi yalimlenga yule mtoto. Lakini kikashuka.

"Wifi!" Sauti ya wifi ilipasua ufukwe mzima. "Wifi weee! Wameandika tunaogelea!"

Kule majini mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Halafu Mama Vigingi alihisi hasira ikimpanda kutoka unyayoni, pale pale alipogusa kamba. Miaka yote ya kuinama! Vidole vilivyochanika, chumvi ndani ya vidonda, binti aliyesomeshwa gunia kwa gunia. Kuogelea. Hata kuogelea kwenyewe hakujui.

Alivuta pumzi, akazama. Alipoibuka alikuwa ameng'oa kigingi, na kamba yake imemfuata, ile ambayo wifi hakuwahi kuifikia. Akaiburuta. Ilikuwa nzito, imebeba mwani wa msimu mzima, ikimvuta nyuma kila wimbi lilipotoka, lakini hakuiachia. Wenzake walimpisha. Alitoka majini akimwagika chumvi, akapita mbele ya Bwana Subirini ambaye alirudi nyuma bila kuambiwa, akafika kwenye gari jeupe. Akaipandisha kamba yote juu ya boneti. Mwani ukatanda kwenye kioo cha mbele, ukachuruzika kwenye taa, na kigingi kikaning'inia ubavuni.

"Na huu," alimwambia Mwenye Gari, akihema, "unaogelea pia?"

Mwenye Gari aliingiza ule mguu wake ndani haraka. "Toeni hiki kitu! Baraza, toa!"

"Mzee, imetoka majini," alisema Bwana Subirini. "Nikiigusa nitakuwa nimeingilia Wizara."

"Wizara!"

Binti wa ramani aliikumbatia tableti yake. "Sasa iko nchi kavu, mzee," alijibu polepole. Na safari hii hakuinamisha macho.

"Dereva!"

Dereva alitazama mbele. "Mimi ni wa Mkoa, mzee. Nimeambiwa nisiguse mali ya ofisi nyingine."

Maji yalikuwa yakija. Wimbi lililamba gurudumu la mbele, likarudi, likaja tena juu zaidi. Wanawake walikuwa wametoka mmoja mmoja, wakasimama na nguo zinazochuruzika. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishowe Mwenye Gari alipiga dashibodi, dereva akarudisha gari nyuma, likapanda mchanga, likashika barabara na mwani wake juu ya boneti kama lilivyo, wipa ikihangaika kufuta kioo. Kile kigingi kiliburutwa kando, kikigonga lami. Waliendelea kukisikia hata gari lilipokata kona.

"Wifi," alisema wifi yake, "kamba nzima umewapa?"

"Waende nayo. Labda huko ofisini kuna wa kuiona."

Alikamua kanga yake. Watu wa kung'oa vigingi wangekuja, kesho au keshokutwa, na hilo kila mmoja pale alilijua. Lakini upande wa ndani, karibu na ufukwe, bado kulikuwa na kamba ambazo hazijakatwa. Mama Vigingi alichomoa kisu kiunoni, akajifunga gunia, akarudi majini, na wenzake wakamfuata, wakatafuta kwa miguu yale mashamba ambayo hayapo, wakaanza kuvuna.